Taka zinanuka, guta limekuruka, karo linafurika: tafuta chanzo kwanza (kwa sisi wa Dodoma)

Kabla hujampigia mwenyekiti wa mtaa kulalamika, nenda kafungue hiyo ndoo ya taka uangalie kuna nini cha majimaji ndani. Kero nyingi za taka hapa Dodoma ukizifuatilia mpaka mwisho unakuta zimeanzia pale kitu kibichi kilipolala na kitu kikavu kwenye chombo kimoja. Ganda la ndizi peke yake sio shida, mbuzi wanagombania. Boksi peke yake sio shida, kuna mtu analitafuta. Sasa vichanganye hivyo viwili na mchuzi wa jana uviache siku nne kwenye jua la Oktoba, hapo ndo unapata uchafu ambao hakuna anayeutaka, sio mbuzi, sio muokota makopo, sio kijana wa guta, ule mkokoteni wa kuzolea taka.

Alafu msimu nao angalia. Mvua zetu zinaanza Novemba mwishoni au Desemba zinakata Aprili, miezi inayobaki ni ukavu na upepo tu, kwa hiyo ndoo inayonuka Februari na ndoo inayonuka Agosti zinaweza zikawa na sababu tofauti kabisa. Nimepanga kwa dalili, tafuta ya kwako, zingine ruka.

Ndoo inanuka na ina funza

Angalia funza wako wapi. Wakiwa wamejizika chini ndani ya uchafu, bado wadogo. Wakiwa wanapanda pembeni mwa ndoo kuelekea kwenye mfuniko, hao wameshakomaa, wanatafuta pakavu pa kugeukia kile kijiganda cha kahawia ambacho inzi anatokea humo. Maana yake kuna kitu humo kimekaa siku nne, tano au zaidi. Kwenye joto letu inzi akitaga leo mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja hivi, na kutoka yai mpaka inzi anayeruka ni kama siku 7 mpaka 10. Kwa hiyo kama kwako taka zinatoka mara moja kwa wiki unawapa muda wa kutosha kabisa, na ukiruka wiki moja tu ndo unaona jikoni kumejaa. Taka mbichi zitoke angalau mara mbili kwa wiki, gari lipite lisipite.

"Sasa gari likiwa halipiti?" Ndo mana nasema tenganisha. Ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya vibichi: maganda, makombo, vichwa vya dagaa, majani ya chai. Kabla ya kumwaga chuja maji yote, yaani hata mchuzi, mana funza hawezi kuishi pakavu. Ukishaweka vibichi nyunyiza majivu ya mkaa juu kama ngumi moja, yananyonya maji na kukata harufu. Majivu yawe yamepoa kabisa, tena yalale nje usiku mzima kwanza, kwa sababu ukikuta ndoo yako ya plastiki imetoboka chini au kiroba kimeungua upande mmoja usimtafute mchawi, ni kipande cha mkaa kilikuwa bado na moto ndani.

Watu wanapenda kumwaga jiki kwenye ndoo ya taka. Haisaidii sana, inaficha harufu kwa saa chache alafu unakuwa umeongeza maji kwenye tatizo la maji. Afadhali maji ya moto kuua funza, usugue, uigeuze ndoo juani ikauke mpaka ndani.

Kama ndoo ya vikavu ndo inanuka, tafuta pampasi. Karibu kila mara ni pampasi. Kinyesi kimwagwe chooni kwanza, pampasi ikunjwe ifungwe kwa gundi zake zenyewe, iwekwe kwenye kiroba chake peke yake.

Na kama umeosha kila kitu bado harufu ipo, acha kuosha ndoo, panda ukaangalie darini. Panya aliyekula sumu anakufa sehemu ambayo humfikii.

Guta limepita, kiroba chako kimebaki

Hii inaleta ugomvi kuliko zote. Sikiliza maongezi ya asubuhi moja pale Nkuhungu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona juzi mmechukua kwa jirani kwangu mmeacha?"

"Mama, tulikinyanyua watu wawili kikatushinda. Humo umeweka mchanga."

"Mchanga wa wapi tena?"

"Wa kufagia, mama."

Na ni kweli. Viwanja vyetu ni vya mchanga, mtu anaamka alfajiri anashika fagio la chelewa anafagia uwanja mzima, anazoa majani, vijiti na mchanga wote anaingiza kwenye kiroba. Ndoo ya lita 20 ikijaa mchanga mkavu inapita kilo 30, wakati ndoo hiyo hiyo ikiwa na takataka za kawaida za nyumbani hata kilo 10 mara nyingi haifiki. Kijana ana nyumba nyingi za kupitia na guta ana zamu ya kulisukuma, atachagua cha kuacha. Tumia reki badala ya fagio pale nje, ikusanye majani iache mchanga, au upepete kwenye chekeche la ujenzi, mchanga urudi uwanjani kwako. Tena ukiutoa ndo korongo linazidi kuchimbika mbele ya nyumba.

Ukiona uzito sio shida, kagua kama kuna chupa iliyovunjika inachungulia. Vijana wengi wanafanya kazi bila glavu za maana na aliyewahi kukatwa hagusi tena kiroba chenye kishindo cha vioo. Funga vioo kwenye boksi, andika VIOO kwa herufi kubwa, weka pembeni. Kikibaki bado, uliza muda: guta likipita saa moja asubuhi na wewe unatoa saa mbili, hapo kosa sio lao.

Halafu kuna suala la hela. Lipa kwa namba ya malipo au upewe risiti ya mashine, usimpe mtu mkononi ukidhani atakukumbuka. Kuna wakala mmoja aliwahi kupewa eneo letu, simtaji, huyo alikuwa hodari sana wa kukusanya ada kuliko kukusanya taka, na waliokuwa na risiti ndo walioweza kusimama mbele ya mtendaji wa mtaa wakaeleweka. Wengine tulibaki kupiga kelele tu. Kupeleka malalamiko pia kuna namna: tarehe, jina la barabara au alama inayojulikana, picha. Ukisema "hawajagi kabisa" mtendaji hana cha kufanyia kazi, na afisa afya wa kata vilevile.

Nimechoma lakini moshi hauishi

Moshi mweupe mzito unaotambaa chini maana yake unachoma maji. Kuna vibichi humo, moto unatumia nguvu zake zote kukausha. Moshi mweusi unaokaba koo ni plastiki, tairi au sponji la godoro. Wa kwanza unakera, wa pili ni sumu: plastiki ikiungua kwenye moto mdogo wa uani, hasa mabomba ya PVC, ngozi bandia na nyaya za umeme, inatoa kemikali zinazoitwa dayoksini ambazo zinakaa mwilini miaka. Tanuri za kuchomea taka za hospitali zinatakiwa zifike juu ya nyuzi joto 800 ndo zipunguze hiyo kitu, kashimo kako ka uani hakafiki hapo hata ukipulizia.

Utasema sasa nifanye nini, gari halipiti. Sawa, lakini angalia hicho unachochoma. Ukitoa vibichi (mboji au mbuzi), ukatoa chupa na makopo (mnunuzi), kinachobaki ni kidogo mno, karatasi na majani makavu, na hayo nayo yana kazi kwenye mboji. Majivu ya plastiki usipeleke kwenye mchicha. Na usichome kamwe makopo ya dawa ya kupulizia mbu au betri, vinalipuka.

Upepo unatawanya, miba imejaa mifuko, mbuzi wanakonda

Kuanzia Julai mpaka Oktoba upepo wa hapa haucheki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019 na kweli imepungua sana, ila vile vifungashio laini vya karanga, barafu, sukari ya kupima na mikate bado vipo, na ndivyo unaviona vimening'inia kwenye migunga ukitoka mjini kuelekea Ihumwa. Ukitaka kujua vinatoka wapi simama sehemu upepo unakotokea uangalie chombo cha kwanza kisicho na mfuniko, mara nyingi ni kiroba kimewekwa wazi kando ya genge au pipa limejaa kupita kimo. Vitu vyepesi visikae juu, vikunjwe viingizwe ndani ya kifungashio kimoja, fundo, alafu kiwekwe chini ya kitu kizito.

Mbuzi au ng'ombe aliyekula mifuko ana dalili zake. Tumbo limevimba upande wa kushoto, anacheua kidogo au hacheui, anakula anaacha, anakonda wakati malisho yapo. Plastiki haiyeyuki tumboni, inajisokota na majani inakuwa bonge, na hakuna dawa ya kunywesha itakayoitoa. Mwite afisa mifugo, kama ni ng'ombe wa thamani anaweza kupasuliwa, kama ni mbuzi mara nyingi anaishia buchani na huko ndo watu wanaliona hilo bonge. Wanyama wanafuata chumvi na mafuta yaliyobaki kwenye mfuko, hawali plastiki kwa kupenda. Kwa hiyo tunarudi kule kule, mfuko uliobebea chipsi ukitupwa na mchuzi wake ndo mtego.

Mboji haiozi, au inaoza vibaya

Hapa ndo pana utamu, na Dodoma ina tabia zake.

Ukifukua unakuta majani yapo vile vile kama ulivyoyaweka miezi miwili iliyopita na kuna mchwa: ni pakavu. Vitabu vingi vya mboji vinafundisha kurundika juu ya ardhi, hiyo ni ya watu wa Njombe na Lushoto kwenye mvua. Sisi tunapata milimita 500 mpaka 600 hivi za mvua kwa mwaka mzima, rundo la juu linakaushwa na upepo ndani ya siku chache. Chimba shimo kina cha nusu mita mpaka mita moja, upana mita moja, funika juu kwa viroba vya zamani au nyasi. Kipimo cha maji ni mkono wako: chota konzi, kamua, yatoke matone mawili matatu. Yasipotoka ongeza maji, yakichuruzika yamezidi. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa sana, ya kufulia yenye sabuni nyingi hapana.

Mboji ikinuka mkojo, yaani ile harufu ya zizi inayochoma pua, umeweka vibichi na samadi nyingi kuliko vikavu. Ongeza majani makavu, mabua ya mtama au uwele, maboksi yaliyochanwa. Vikavu viwe kama mara mbili ya vibichi kwa kukadiria na ndoo. Ikinuka yai viza haina hewa, geuza na uchanganye vitu vikubwa vikubwa kama vijiti ili pumzi ipite. Hii ya yai viza utaipata zaidi Januari mpaka Machi shimo likijaa mvua, kwa hiyo masika hamishia juu ya ardhi au weka paa la bati.

Haipati joto? Labda ni ndogo. Ikiwa chini ya mita moja kila upande joto linakimbia. Ikiwa nzuri utachomeka mkono ndani utautoa haraka, inafika nyuzi 55 mpaka 65 na hapo ndo mbegu za magugu zinakufa.

Walio karibu na mashamba ya zabibu, Hombolo, Mpunguzi na kwingine, wana bahati ya makapi baada ya kukamua mvinyo. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo makapi yanakuja kwa mikupuo. Watu wanayamwaga shambani yakiwa mabichi wanashangaa kuona yanachacha, yananuka pombe na vijinzi vidogo vimejaa. Yale makapi yana uchachu na mbegu ngumu, hayaendi peke yake. Changanya na samadi kavu ya zizini na majivu kidogo, geuza kila wiki, yataoza vizuri tu. Vile vikonyo na matawi ya kupogolea ni magumu, katakata kwanza au tumia kuni.

Choo kimejaa kabla ya wakati

Piga hesabu ndo utajua kama kweli kimejaa kinyesi au kimejaa takataka. Choo cha shimo kinachotumia maji kwa kawaida kinaongezeka kama lita 40 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na kama mnatumia karatasi ngumu, vigunzi au mawe kwa kujisafishia inafika kama lita 60 hivi, mana kilichobaki kinaoza na maji yanaingia ardhini. Sasa shimo la mita moja kwa mita moja kina mita tatu, ukiacha nusu mita juu, lina nafasi ya lita 2,500. Familia ya watu 8 inajaza lita 320 mpaka 480 kwa mwaka, yaani miaka mitano mpaka saba au nane.

Limejaa kwa miaka miwili? Kuna mtoto mdogo ndani ya nyumba? Pampasi tano kwa siku ni zaidi ya 1,800 kwa mwaka, na hata ukisema kila moja ikilowa inachukua nusu lita tu, ni lita 900. Katoto kamoja kanajaza shimo kuliko watu wazima kumi na tano, kwa sababu pampasi na pedi haziozi. Na kibaya zaidi, gari la kunyonya likija mpira unaziba, dereva anaanza kuvua pampasi na ndoano huku anahesabu bei mpya. Nyumba za kupanga hapa ndo pana kesi, wapangaji sita choo kimoja hakuna anayekiri. Weka ndoo yenye mfuniko ndani ya choo, ugomvi utaisha wenyewe.

Hili nalisema kwa ukali: hakuna mtu kushuka kwenye shimo au karo kutoa kitu, hata kama ni simu mpya, hata kama limeshanyonywa. Kuna gesi humo isiyoonekana inayomwangusha mtu kwa pumzi chache, na anayemfuata kumuokoa anaanguka pia.

Karo linafurika masika tu, kiangazi halina shida

Kwanza panda uangalie mabati. Kuna mafundi wanaunganisha maji ya paa kwenda kwenye karo kwa kuwa bomba lipo karibu, mvua moja kubwa linajaa. Hamisha, hayo maji weka kwenye simtenki, utayahitaji Agosti.

Kama sio hilo, ni shimo la kunyonyea, lile linalopokea maji ya karo yakazame ardhini, limezidiwa na udongo. Sehemu za mabondeni zina mfinyanzi mzito ambao ukishalowa haupitishi. Jipime mwenyewe: chimba kashimo ka sentimita 30, kalowanishe vizuri saa kadhaa, jaza maji, subiri saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu usipoteze hela kuongeza shimo jingine hapo hapo, mwite fundi mzoefu mjadili mfereji mrefu wa mawe sehemu nyingine ya kiwanja, au uulize DUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dodoma, kama mtandao wa majitaka umeshafika mtaani kwako.

Likifurika hata kiangazi, tope limejaa kwenye karo lenyewe (septiki). Tope na utando wa juu vikifika theluthi ya kina chake linyonywe, kwa nyumba nyingi ni kila miaka mitatu mpaka mitano. Uliza gari linamwaga wapi, linatakiwa kwenda mabwawa ya majitaka, sio korongoni usiku.

Mama lishe nao wana la kwao, sinki linarudisha maji Juni na Julai tu. Hiyo ni baridi. Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Julai mafuta ya mawese yanaganda ndani ya bomba. Alizeti haigandi kirahisi hivyo. Futa sufuria na karatasi au majani kabla ya kuosha, mafuta yaliyotumika weka kwenye dumu, wanaotengeneza sabuni wanayataka.

Mnunuzi wa chupa amekataa mzigo

Umechanganya aina. Chupa za maji na soda ni namba 1, angalia chini ya chupa kwenye kale kapembe tatu. Madumu na vifuniko ni namba 2 au 5. Pasipo na namba, kata kipande tupia kwenye maji: cha chupa ya maji kinazama, cha dumu na kifuniko kinaelea. Ondoa vifuniko, mwaga maji, kanyaga ziwe bapa. Wanaoacha mchanga ndani ili zipande kilo wanajulikana, mnunuzi anatikisa tu. Chupa iliyokuwa na mafuta au dawa ya kuulia wadudu weka pembeni, hii ya dawa usimpe mtu kubebea maji kamwe.

Vile ambavyo havitakiwi kuingia kiroba chochote

Sindano za kisukari: ziingie kwenye dumu gumu la plastiki, mfuniko ukazwe, zahanati iliyo karibu waulize wanapokea siku gani. Hospitali zenyewe zina ndoo nyeusi au bluu kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa za hatari zaidi, na visanduku vya vyenye ncha kali. Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida tu, sio za hatari, lakini bandeji moja yenye damu ikidondokea kwenye ndoo nyeusi basi ndoo nzima inahesabika ya maambukizi. Kumbe hata huko tatizo ni kuchanganya.

Betri ya simu iliyovimba usitoboe, weka kwenye kopo la mchanga, peleka kwa fundi simu. Betri ya gari iuzwe nzima, anayekwambia uimwage tindikali kwanza mfukuze. Taa ya tyubu ikivunjika fungua madirisha, toa watoto, okota kwa karatasi ngumu usifagie, mana kuna zebaki. Tairi kuukuu litoboe au lijaze udongo kabla ya Desemba, maji yakikaa humo wiki moja na ushee umepata mbu wa dengi.

Kizimba kipo lakini taka ziko nje yake

Kaa hapo kizimbani, pale pa kukusanyia taka za mtaa, jioni uangalie nani analeta. Ni watoto. Wametumwa na ndoo, kontena liko juu kuliko vichwa vyao, wanamwaga pembeni wanakimbia kuendelea na mpira. Ngazi mbili za tofali zinatatua nusu ya tatizo, au wazazi waache kutuma watoto wa miaka sita. Nusu nyingine ni kontena kujaa Jumapili na kuondolewa Alhamisi, hiyo ni ya kupeleka kwa mtendaji na picha.

Wanaomwaga korongoni wanajua kabisa wanachofanya, wanasubiri Machi maji yabebe. Yanabeba kweli, mpaka kwenye kalavati la mtaa wa chini, linaziba, barabara inakatika. Kibao cha faini hakisaidii kama hakuna sehemu mbadala ya karibu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mkisafisha bila kuwa na gari la kupeleka dampo la Chidaya mnakuwa mmehamisha rundo tu.

Kifusi kimekaa barabarani, hakuna anayechukua

Tangu serikali ihamie huku mji unajengwa kila kona, na gari la taka halibebi tofali. Sio uchafu huo, ni mali: tembea mitaa miwili mitatu utaona kibao kimeandikwa kwa chokaa "kifusi kinahitajika", pigia namba hiyo. Ila kabla ya kutoa chambua mifuko ya simenti, misumari, makopo ya rangi na nyaya, mwenye kiwanja akikuta vitu hivyo atakurudishia lori zima mlangoni. Na kama mlibomoa nyumba ya zamani iliyoezekwa mabati ya asbesto, yale mazito ya kijivu yenye mawimbi, msiyavunje wala msiyakate, yamwagieni maji yalowe, acheni yalipo, na mumwite afisa afya kabla hata lori halijaja.